Mayai ya Maji ya Chumvi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi. Ndugu wajumbe wa bodi. Wakuu wa idara mliowahi mkakaa mbele, na wakuu wa idara mliochelewa mkajikuta karibu na birika. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi ambao hamkualikwa ila mlipita koridoni mkasikia vikombe vikigongana: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Kabla sijamgusa mgeni wetu wa heshima kwa neno lolote, ninalo tangazo rasmi. Naomba walioshika vikombe waviweke chini. Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa niaba ya wote walioteseka, natangaza kwamba kijiko kikubwa cha chumba cha chai, kile cha mpini mrefu, kilichotoweka miaka kumi na tisa iliyopita, kimepatikana. Kiko hai. Kina kutu kidogo na shingo imepinda, lakini kinaongea.

Vijana mnaocheka hamjui mnachochekea. Kwa ajili ya kijiko hiki ziliandikwa barua tatu zenye mhuri. Mtunza stoo na mhasibu wa wakati ule hawakusalimiana kuanzia mwezi wa nane mpaka mwaka mpya. Mhasibu alisimama palepale aliposimama mshereheshaji akasema, "Mimi niliyeshika funguo za sefu, nikiamua kuiba, nitaiba kitu cha kukorogea chai?" Na mtunza stoo akamjibu, "Mwizi hachagui pa kuanzia." Wote wawili walistaafu, na mmoja ametangulia mbele ya haki akiwa bado mtuhumiwa. Leo nasafisha majina yao. Na kwa kuwa maji ya kusafishia yameshachemka, nitaomba ruhusa nisafishe jina la tatu.

Mimi ni Bwana Mayai. Ninalo jina jingine kwenye orodha ya mishahara, ila hata mke wangu akipiga simu mapokezi humwulizia Bwana Mayai. Kwa miaka ishirini na moja nimepokea mayai ya maabara, nimeyapanga kwenye trei, nimeyatia kwenye mashine ya kuangulia na kuyachunga kuliko yalivyochungwa na mama zao. Elimu yangu ni ya mlangoni: yaliyosemwa mlango ukiwa wazi nimeyashika, na yaliyosemwa umefungwa nimeyasikia vibaya. Kwa hiyo wasomi mtakaosikia kosa katika maelezo yangu, mjue siku hiyo mlango ulikuwa umefungwa.

Na naomba radhi mapema: mstaafu wetu ni profesa, lakini mimi nitamwita Daktari. Uprofesa wake ulichelewa sana kufika, ulimi wangu ukawa umeshazoea. Kwa nini ulichelewa, ndiyo habari niliyokuja nayo.

Ndugu zangu, Daktari aliniajiri kwa mahojiano ya maswali mawili. La kwanza aliuliza, "Umewahi kuatamia?" Nikamwambia, "Daktari, mimi ni mwanamume." Akanitazama kwa jicho moja, lile linalowafanya wanafunzi wamwite Bi Hadubini, akasema, "Kuku naye hana cheti. La pili: unaweza kukaa na kitu siku tatu bila kukitikisa ili ujue kama kimo?" Nikasema naweza. Nilisema uongo. Nilikuwa natafuta kazi.

Siku yangu ya pili akaniita kwenye meza. Alikuwa na yai la siku tatu. Amechoma sindano upande mmoja akavuta ute kidogo ili kiini kishuke, kisha kwa mkasi mdogo kama wa kukatia kucha za mtoto akakata kidirisha kwenye ganda.

"Unaona nini?"

"Damu, Daktari."

"Tazama tena."

"Inacheza."

"Huo ni moyo. Umeanza kupiga jana, wewe ulipokuwa unafagia koridoni."

Nikamwuliza, "Nani ameuambia uanze?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hilo," akasema, "ndilo swali nililosomea miaka kumi na moja. Wewe umelifikia siku ya pili. Kafagie."

Lakini alinijibu. Alinijibu kidogokidogo, kwa miaka, baina ya trei na trei. Aliniambia kwamba ndani ya kiinitete, kile kitoto kisichofikia hata ukucha, hakuna seli iliyozaliwa ikijua kwamba yenyewe ni bawa au ni jicho. Zote zinaanza kama watu waliojazana uwanjani, hakuna aliyepangiwa kazi. Kisha jirani mmoja anatoa kitu kidogo sana kinachoelea katikati yao. Wenyewe wanakiita kichocheo cha ukuaji. Mimi nilikiita mwito. Na kwenye ngozi ya kila seli kuna vipokezi, ambavyo mimi nilivielewa kuwa ni masikio. Kipokezi kikikamata mwito wake, habari inapita ngozini, inaingia ndani mpaka chumba cha mwisho, na seli inaamka na kusema: kumbe mimi nilikuwa wa bawa! Basi inaanza kugawanyika, inajenga, na yenyewe inaanza kuita wengine.

"Na seli isiyo na kipokezi cha mwito huo?" nilimwuliza.

"Mwito unaipita."

Nikajifanya mtu wa hekima. Nikasema wahenga walituasa, kataa neno, usikatae wito. Kwa hiyo seli hiyo ina kiburi.

Daktari aliweka chini alichokishika. "Bwana Mayai, seli haina kiburi. Kama haina kipokezi, haikukataa kitu. Haijaitwa. Usiilaumu kamwe seli ambayo haijaitwa." Mlango ulikuwa wazi siku hiyo. Hilo nililisikia vizuri.

Sasa naomba mnisogelee kwa masikio, kwa sababu tunafika penye kidonda.

Mwaka ule, miaka kumi na tisa iliyopita, Daktari alikuwa na utafiti mmoja mkubwa. Ubavuni mwa kiinitete cha kuku, baina ya mahali patakapoota bawa na mahali patakapoota mguu, kuna sehemu ambayo kwa kawaida haioti kitu. Ni ubavu tu, umetulia. Daktari alitaka kujua: je, ubavu umetulia kwa sababu hauna masikio, au umetulia kwa sababu hakuna aliyeuita? Ukiuweka mwito palepale, utaitika?

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Tunachukua shanga ndogo kuliko chembe ya mchanga, tunaziloweka kwenye sahani yenye kichocheo cha ukuaji, na ushanga mmoja unawekwa ubavuni kupitia kidirisha. Tunaziba kwa utepe wa gundi, yai linarudi kwenye mashine. Hiyo ni trei ya utepe mwekundu. Trei ya pili, ya utepe mweupe, inafanyiwa kila kitu vilevile, sindano ileile na mkasi uleule, isipokuwa ushanga wake umelowekwa kwenye maji ya chumvi matupu. Hayo ndiyo mayai ya kulinganishia. Bila hayo huwezi kusema kitu, maana utajuaje kama ubavu umeitikia mwito au umekasirishwa na sindano?

Kuloweka shanga ilikuwa kazi yangu. Sahani mbili: nyekundu na nyeupe.

Na nyumbani kwangu, mwaka ule, mke wangu alikuwa na mimba. Ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu, ya pili ikafika wa nne. Hii ilikuwa imeshavuka huko, na sisi wawili tulikuwa tunatembea ndani ya nyumba kama watu wenye trei ya mayai kichwani. Mke wangu alikuwa akijigusa tumbo ananiuliza, "Wewe unayekaa na wasomi, wanasema nini?" Na mimi nilikuwa namjibu, "Wanasema tutulie."

Basi nawauliza, ndugu wageni waalikwa, mtu wa namna hiyo, kila alasiri anaketi mbele ya sahani mbili. Kwenye chupa ya sahani ya kwanza pameandikwa kwa herufi kubwa: UKUAJI. Kwenye ya pili: CHUMVI. Mayai ishirini na manne yanapewa ukuaji. Mayai ishirini na manne, yenye mioyo inayocheza vilevile, yanadungwa, yanakatwa, na yananyimwa. Na anayetakiwa kuyanyima ni yeye, kwa mkono wake. Mngefanya nini? Msinijibu. Nyote hapa mmesoma, mngefuata utaratibu.

Mimi nilitia tone moja la dawa ya ukuaji kwenye sahani ya chumvi.

Naona Mheshimiwa Mkurugenzi ameacha kutikisa mguu. Ndiyo, Mheshimiwa. Na haikuwa siku moja. Ilikuwa kila alasiri ya kuloweka, kwa wiki tano.

Siku ya kufungua ilipofika, Daktari alikaa kwenye hadubini asubuhi nzima. Kisha akaita.

"Bwana Mayai, njoo uhesabu. Hili lina viungo vingapi?"

"Mabawa mawili, miguu miwili, na ubavuni hapa... kiko cha tano."

"Utepe gani?"

"Mwekundu."

"Na hili?"

"Kiko cha tano pia."

"Utepe?"

"Mweupe, Daktari."

"Hili?"

"Jeupe. Kiko."

Akainua uso. Kwa nilivyoona mimi siku ile, alikuwa mtu mzima aliyepotea njia akiwa ameketi. Akasema polepole, "Bwana Mayai, maji ya chumvi hayaoteshi kiungo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Labda chumvi ya siku hizi."

Chekeni. Mimi nimekicheka kicheko hicho peke yangu miaka kumi na tisa na hakijawahi kunikaa vizuri.

Maana palepale ndipo nilipoelewa nilichofanya, na sikukielewa kwa wema. Nilielewa kwamba yai la maji ya chumvi halikuwa limenyimwa kitu. Lilikuwa na mwito wake mwenyewe ndani, na masikio yake mwenyewe, na majirani wa kuliita bawa mahali pa bawa na mguu mahali pa mguu. Lilikuwa mtoto mzima. Ni huruma yangu ndiyo iliyolipachika kiungo kisicho na kazi. Nilidhani nagawa haki, kumbe nagawa mabawa.

Tatizo ni kwamba Daktari alikuwa ameshapeleka taarifa ya awali kwa bodi. Wakamwita mbele ya kamati. Mheshimiwa Mkurugenzi wetu wa leo hakuwa mkurugenzi siku hiyo. Alikuwa kijana mwembamba aliyekaa pembeni akiandika muhtasari, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, nimeuona. Mimi niliingia na sinia la chai wakati mwenyekiti anauliza, "Daktari, taasisi inataka kujua, kosa ni la nani?"

Nilisimama. Vikombe vilianza kulia vyenyewe juu ya sinia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Daktari hakunitazama. Akasema, "Kosa ni langu, Mwenyekiti. Nilichanganya sahani." Kisha akanigeukia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bwana Mayai, weka hapo mezani, utamwaga."

Nikaweka. Nikatoka. Nikafunga mlango. Huo ndio uanaume wangu wote wa siku ile, na nimewaletea bila kuupunguza.

Muhtasari ukaandikwa: uzembe wa mtafiti. Maneno matatu, kwa mwandiko mzuri. Kwa maneno hayo matatu uprofesa ulisogezwa mbele miaka minne. Waliokuja nyuma yake walimpita, mmoja akipunga mkono. Wanafunzi wawili waliomba wabadilishiwe msimamizi. Yeye alianza upya, trei moja baada ya nyingine, na safari hii aliniambia, "Shanga nitaloweka mwenyewe, mikono yako ina joto." Nikaamini mikono yangu ina joto. Nikawa nanawa kwa maji baridi.

Na leo, mbele yenu, mshereheshaji amesoma wasifu wa Daktari, na kati ya sifa zote hizo mmesikia lile shimo: "licha ya hitilafu iliyotokana na uzembe wake." Hata siku ya kuagwa! Waliouandaa hawakukosea, wamenakili kumbukumbu. Kumbukumbu ndizo zinazoongopa, na aliyezifundisha kuongopa ni mimi.

Nirudi kwenye mwaka ule. Mke wangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Ameketi pale nyuma, yule anayejifanya hatujuani kwa kutazama simu. Daktari alikuja kutuona. Alileta sweta dogo la rangi ya kiini. Akamchukua mtoto, akamfunua, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, akamtazama ubavuni, huku na huku. Kisha akasema, "Mikono miwili. Miguu miwili. Vizuri."

Mke wangu akacheka, "Daktari, ulitegemea mingapi?"

Akajibu, "Kwa baba huyu, huwezi kujua."

Tukacheka wote watatu. Nilidhani ni mzaha wa kisayansi. Miaka kumi na tisa nimedhani ni mzaha wa kisayansi.

Alhamisi iliyopita, ndugu zangu, kwa kuwa chumba kinapakwa rangi, tulisogeza mashine ya kuangulia ambayo haijasogezwa tangu mwaka ule. Nyuma yake nilikuta kalamu tatu, kijiko ambacho nimeshawatangazia, na daftari la maabara la Daktari lenye vumbi la kutosha kuoteshea mboga. Nililifuta. Sikukusudia kusoma. Nilisoma. Naomba niwasomee alichoandika wiki moja kabla ya siku ya kufungua, na Daktari naomba usinikatize, umenikatiza miaka ishirini na moja:

"Leo nimesimama nyuma ya kioo cha mlango. Bwana Mayai ametia tone la dawa kwenye sahani ya chumvi. Akaziambia shanga, 'Na ninyi pia.' Mkewe ana miezi saba. Wakijua watamfukuza kabla ya jioni. Nimerudi ofisini."

Ni hayo tu. Nimerudi ofisini. Mtu anaona kazi yake ya maisha inaharibiwa kwa tone, anajua mkono unaoiharibu, ana mlango mbele yake na sauti mdomoni, na anageuka anarudi ofisini kwa miguu yake. Na baadaye anaketi mbele ya kamati anakichukua kitu ambacho si chake na kukivaa. Mimi nimeishi na wasomi muda mrefu na nimeona wakigombania nani ataandikwa kwanza kwenye ugunduzi. Sijaona mwingine aliyeomba aandikwe kwanza kwenye kosa.

Daktari. Sasa nasema na wewe, wengine wasikilize tu.

Ulinifundisha kwamba mwito una saa yake. Neno lilelile ukiliweka ubavuni siku ya tatu, linaota kiungo. Ukiliweka siku ya nane, ubavu umeshafunga masikio, neno linaelea tu. Nimelibeba neno langu nikiogopa kwamba nimeshapitiliza siku ya nane. Kila mwaka nilisema nitalitoa mwaka ujao, na mimi ndiye ninayewaambia wanafunzi kwamba mficha uchi hazai. Sijui kama bado lipo sikio la kulipokea. Lakini nalitoa: ni mimi. Nilifanya kwa huruma, nikanyamaza kwa woga, na hivyo viwili havilingani uzito. Nisamehe.

Naona amevua miwani. Anaifuta. Nitasubiri aivae.

Haya.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nimebakiza miaka mitatu nami nistaafu, na najua nilichokisema kinaweza kuifanya ikawa siku tatu. Hilo ni lako, na sitanung'unika. Langu ni ombi moja. Muhtasari ule uko kabatini kwako, chumba cha pili, rafu ya chini. Naomba yale maneno matatu yakatwe, na juu yake yaandikwe mengine matatu: kosa la mfanyakazi. Mwandiko uwe uleule, tafadhali, kwa sababu ni mzuri. Naona unajipapasa mfukoni. Usihangaike. Nyuma ya mashine nilikuta kalamu tatu, na moja inaandika. Hii hapa.

Asante. Mtu wa karibu naye amsukumie karatasi.

Kwa vijana wa maabara mnaobaki, nina neno fupi. Mkono wa kiinitete hauanzi na vidole. Unaanza kama kafi, bapa, umeunganika wote. Kisha seli za katikati zinapata mwito wao, nao ni mwito mgumu kuliko yote: ondokeni. Zinaondoka. Ndipo vidole vinaachana, na mkono unaweza kushika. Sisemi kwamba mstaafu wetu ni ngozi ya katikati ya vidole. Asinukuliwe mtu vibaya huko nje. Nasema tu kwamba ukitazama safu ile ya wasichana na wavulana waliovaa makoti meupe, kila mmoja amesimama peke yake, hagusani na mwenzake, na anaweza kushika kitu, ujue kuna mtu alikuwa katikati yao, na leo anaitikia mwito wa kuondoka bila kelele.

Zawadi yetu wafanyakazi wa chini si kubwa. Ni ganda moja la yai, tumelisafisha, lina kidirisha, tumelifunga utepe mweupe. Daktari aliponiuliza asubuhi kwa nini mweupe na si mwekundu, nilimwambia mwekundu umeisha stoo. Sasa anajua.

Namshukuru mke wangu aliyeniambia jana, "Usiposema kesho, nitasimama niseme mimi, na mimi sitaweka mizaha." Nawashukuru ninyi nyote kwa masikio mliyoniazima, nayarudisha yakiwa mazima, na mshereheshaji kwa kuhesabu dakika saba nilizopewa kwa ukarimu wa pekee.

Nilitaka niishie hapo, lakini daftari lina ukurasa mmoja zaidi, na mtu akishaamua kusema kweli asiichague. Umeandikwa miezi miwili baada ya kamati. Najua kwa nini Daktari hakuwahi kunitajia: ili aniambie kwamba sikuharibu kitu, ingebidi kwanza aniambie kwamba anajua niliharibu. Kwa hiyo aliliandika kwenye fomu ya matengenezo, ambayo katika taasisi hii ni sawa na kulizika, na nakala akaiacha humu. Nasoma kama ilivyo:

"Fundi wa mashine amekuja. Kipimajoto kinaongopa nyuzi mbili, tangu Januari. Mayai yote ya mwaka huu hayafai, ya dawa na ya chumvi, yangetupwa hata hivyo. Fundi hakuwa na bisibisi. Amefungulia mfuniko kwa kijiko cha chai."